Duka la Gesi Migosi, Kisumu: Kazi Safi, Ila Bango Liondolewe

Katika duka moja la gesi ya kupikia mtaani Migosi, mtungi hautoki kabla ya kukaguliwa mbele ya mnunuzi. Mhudumu huuweka kwenye mizani na kulinganisha uzito wake na ule wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, kisha hukata lakiri, huangalia kama raba ya vali imepasuka, na kupaka povu la sabuni pale gesi inapoweza kupenya. Nikimharakisha huniambia, "Mama, ngoja kwanza, huu tusiuamini kwa macho." Povu likitoa mapovu mapya, mtungi huo hutengwa na kuletwa mwingine.

Uangalifu huo ninauthamini sana, tena sheria inaudai. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa nyeusi, akaugua, akadai kwamba ndani yake mlikuwa na konokono aliyeoza. Ingawa hakuwa na mkataba na mtengenezaji, mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho asiye na nafasi ya kuikagua bidhaa. Mahakama za Kenya zinaufuata msingi huo. Mtungi nao hauonekani ndani, na ukivuja usiku anayeungua anaweza kuwa mtoto au mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hakuununua.

Kwa hiyo linanisikitisha bango lililobandikwa juu ya kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na duka halitawajibika kwa lolote. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kufidiwa kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo hairuhusu haki zake zifutwe kwa makubaliano. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mnunuzi asiyejua hayo akisikia harufu ya gesi nyumbani ataona hana pa kuurudisha mtungi, abaki nao jikoni.

Risiti pia haitoshi, kwa kuwa huandikwa "gesi" na bei tu. Ikiandikwa jina la kampuni na nambari ya mtungi, mwenye madai atakuwa na cha kuonyesha mahakamani, na mwenye duka atajua ni shehena ipi ya kurudisha kwa msambazaji. Bei yao ni ya kawaida. Nimemwomba mwenye duka alibandue bango hilo, na mahali pake aandike nambari ya simu ya kupigwa mtungi unapovuja.