Hachibeki zenye mbio kwa barabara za Mwanza: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Mwanza ni mji wa juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ukianza kupanda Bugando au Isamilo unazidi kwenda juu. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au ya Yokohama, na injini isiyo na turbo ikifika huku inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yenye turbo inajisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo hasara yake ni ndogo na mara nyingi dereva haioni. Ukichagua gari la mbio kwa kusoma karatasi ya Japan bila kukumbuka hilo, utalipia farasi (kipimo cha nguvu za injini) ambao hawafiki Mwanza.

Nazungumzia hachibeki, yaani magari mafupi yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, ukubwa wa Vitz mpaka RunX, ila injini, breki na shokapu zake zilitengenezwa kwa mtu anayependa kuendesha. Nimeyapanga kwa mambo matatu: nguvu, namna yanavyoshika barabara, na utulivu ndani ya gari. Kila jambo nimelitazama kwa macho ya mtu wa huku. Nguvu ninayoijali ni ile inayotokea mapema, mizunguko ikiwa chini, gari limebeba watu wanne na linapanda mlima, au uko nyuma ya lori kati ya Kisesa na Magu na nafasi ya kuovateki ni fupi. Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki zinajulikana, hivyo spidi ya mwisho ya gari haina kazi kwako.

Kushika barabara huku kuna maana mbili. Ya kwanza ni kona. Ya pili ni matuta. Gari linalokata kona vizuri halafu linakwaruza tumbo kwenye kila tuta, au linalotikisa meno kwenye barabara zilizotandikwa mawe za vilima vya mjini, litakuchosha kabla mwaka haujaisha.

La kwanza: Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2017

Kwenye chesisi itafute kwa herufi ZC33S. Injini ni ya lita 1.4 yenye turbo, farasi 140, toki (nguvu ya kuzungusha) ya 230 Nm inayopatikana kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika. Farasi 140 hazitishi mtu. Lakini gari lenyewe la gia za mkono lina kilo 970 tu, na hapo ndipo siri yake ilipo. Uzito mdogo unafanya lichanganye haraka, lisimame haraka, na lisile breki wala tairi kama magari mazito.

Ukitaka kulielewa, lipeleke kwenye mlima wa Bugando ukiwa gia ya tatu, watu watatu ndani, kisha kanyaga bila kushusha gia. Kuna kusita kidogo, turbo inajaza, halafu gari linaondoka lenyewe bila kelele. Hachibeki ya kawaida ya lita 1.5 pale inataka gia ya pili na inalalamika.

Kwenye kona ni gari jepesi mkononi. Pua inafuata usukani mara moja, na ukiachia mafuta katikati ya kona linajikaza ndani badala ya kutoka nje. Shokapu zake za Monroe ni ngumu kiasi, ila zimepimwa vizuri: zinapokea tuta mara moja na kutulia, hazirudishi mara tatu. Tatizo ni tumbo. Kutoka chini ni milimita 120, basi kwenye tuta refu pita taratibu na kwa pembe, na usikubali kabisa kushusha springi kama vijana wanavyoshauriana.

Mahali linapopungukiwa ni utulivu. Kwenye lami iliyochakaa, sauti ya tairi inaingia ndani, na ukienda Shinyanga na kurudi siku moja utaisikia. Kiti cha nyuma kinatosha watu wazima wawili kwa safari ya mjini, na buti ni dogo. Nakubali hayo yote kwa sababu mengine yanalipa: injini ya chini ya cc 2,000, mafuta kidogo, umri mdogo, na spea nyingi za mwili zinashirikiana na Swift za kawaida. Linapatikana kwa gia sita za mkono au otomatiki ya gia sita ya kawaida, ambayo fundi wa otomatiki anaielewa. Chukua ya mkono ukiweza.

La pili: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba

Kwa ubora wa gari lenyewe, hili ndilo bora kuliko yote humu. Farasi 220, na kuanzia 2017 farasi 230, na toki ya 350 Nm inayoanza mizunguko 1,500 tu. Nguvu ipo muda wote, mlima hauusikii. Kwa utulivu halina mshindani: milango inafunga kwa uzito, upepo hausikiki, viti vinashika mgongo bila kubana, na watu wa nyuma wanalala safarini. Ukivuka Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo kwenda Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na kuendelea mpaka Geita, unafika bila uchovu. Pale ambapo zamani ulisubiri kivuko, sasa ni safari moja isiyokatika, na Golf imezaliwa kwa safari za namna hiyo.

Kwa nini basi ni la pili? Kwa sababu ya gereji. Sifa mbaya ya gia za DSG, ile otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili, inatokana zaidi na ile ya gia saba yenye klachi kavu, iliyowekwa kwenye Golf ndogo za lita 1.2 na 1.4. GTI hii ina DSG ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili, na hiyo ni imara ikihudumiwa. Huduma yenyewe ni oili na filta yake kila kilomita 60,000, oili ya aina yake maalumu, na kifaa cha kuunganisha kompyuta. Kabla hujanunua, mtafute fundi wa Mwanza mwenye vitu hivyo, umwone kwa macho. Usipompata, kila tatizo litakuwa safari ya kuagiza spea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na gari limesimama.

Kitu cha kuangalia kwa karibu: fungua boneti, chukua tochi ya simu, mulika upande ambako pampu ya maji na thermostati zimefungwa pamoja kwenye kasha la plastiki. Kasha hilo linajulikana kwa kuvuja. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi umekauka pale, ni kulanti (maji ya kupozea injini) iliyovuja, na muuzaji akikwambia ni uchafu tu, punguza bei au ondoka. Joto la Mwanza na foleni ya Buzuruga jioni havimsamehei mtu mwenye rejeta isiyojaa.

Kuna kizazi cha sita pia, cha farasi 210, na bei yake inavutia. Mimi nakiepuka, hasa magari ya kabla ya 2012, kwa sababu ya kikaza cheni ya taimingi. Kikishindwa, cheni inaruka na valvu zinakutana na pistoni.

Tairi: GTI nyingi zimekuja na rimu za inchi 18. Tafuta yenye 17, au badilisha. Ukuta wa tairi ukiwa mnene kidogo, shimo moja halitakupeleka kununua rimu.

La tatu: Subaru Impreza WRX STI ya mlango wa nyuma

Hapa moyo unaenda mbio. Ile ya gia za mkono ina farasi 308, toki ya 422 Nm, tairi zote nne zinavuta, breki za Brembo. Mvua ya masika ikinyesha na tope jekundu likatapakaa kwenye lami, hakuna gari humu litakaloshika barabara kama hili. Kwa nguvu na ushikaji lingekuwa la kwanza bila mjadala.

Tofautisha mawili kwa herufi za chesisi. GRB ni injini ya cc 1,994, gia sita za mkono. GRF, inayoitwa A-Line, ni cc 2,457 na otomatiki ya gia tano. Tofauti hiyo inakugusa mfukoni: ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini za cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 zikizidi hapo. Na injini ya lita 2.5 ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupasuka kingo za pistoni ikilazimishwa. GRB ndiyo ya kununua.

Gharama zake zinajieleza: injini ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala ubavu, inakunywa oili, kwa hiyo kipimo kivutwe kila unapojaza mafuta. Ina mkanda wa taimingi, si cheni, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Petroli inaisha ukiiangalia. Shokapu ngumu zinaleta kila jiwe mpaka kwenye kiti, hivyo kwa utulivu liko chini. Na STI nyingi zimeishi mikoa ya theluji, Hokkaido na Tohoku, ambako chumvi hunyunyizwa barabarani. Omba picha za tumboni, hasa miguu ya nyuma na kingo za chini za milango. Kutu ya chumvi haiponi kwa rangi.

Ni gari la mtu mwenye gari lingine la kila siku. Kama ndilo litakuwa la pekee nyumbani, rudi juu.

La nne: Toyota Corolla RunX ya daraja la Z

Wengi hawajui kwamba RunX, gari tulilolizoea mitaani, lilikuwa na ndugu yake mkali. Chesisi inaanza na ZZE123, injini ni 2ZZ-GE ya lita 1.8, farasi 190 bila turbo. Jina la Toyota na spea za mwili zinazojaa kila mahali vinavutia, na bei ya ununuzi ndiyo ya chini humu.

Nguvu zake ndizo zinazoniondolea shauku. Farasi 190 zinapatikana kwenye mizunguko 7,600, na kemushafti, inayofungua valvu, inabadilisha tabia ikikaribia 6,000. Chini ya hapo ni RunX ya kawaida. Mjini hufiki huko, na Mwanza, kwa ile hewa nyepesi, sehemu ya farasi hao imeshaondoka. Kwenye barabara ndefu ya Lamadi na Bunda ndiko utamu wake unakoonekana, injini ikiimba. Kama unaipenda injini ya kupiga mizunguko, utalipenda, na sina ubishi na mtu huyo.

Fundi avue kifuniko cha valvu akague boliti za roka. Kwenye injini za mwanzo zinalika, na ile nguvu ya juu inapotea kabisa. Boliti zenyewe si ghali. Pia hakikisha hakuna aliyetoa 2ZZ na kuweka 1ZZ, injini yenye nguvu ndogo zaidi. Soma namba ya injini ulinganishe na kadi.

La tano: Mazdaspeed Axela

Farasi 264 na toki ya 380 Nm, zote zinapita tairi mbili za mbele. Ukikanyaga kwenye gia ya pili usukani unavutana mkononi, na kwenye lami yenye mchanga tairi zinateleza kabla hujaenda popote. Injini ni cc 2,260, kwa hiyo ushuru ni wa daraja la juu. Turbo zake hutoa moshi wa oili umri ukienda, na cheni hupiga kelele asubuhi. Likiwashwa likiwa limelala usiku kucha ndipo utasikia. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ana sababu.

Honda Fit RS na Vitz RS ni magari mazuri na ya bei rahisi, ila kwa milima yetu hayana nguvu ya kuitwa ya mbio. GR Yaris ya 2020, farasi 272 na tairi zote nne, ingeshika namba moja kama bei yake ingekuwa ya watu wa kawaida.

Kabla ya kutuma pesa

Ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujakubaliana bei. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na likizidi 10 ni 30. Hii ndiyo inayofanya RunX na STI ziwe ghali kuliko bei ya Japan inavyoonyesha, na Swift ya karibuni iwe nafuu kuliko unavyodhani.

Dai karatasi ya mnada yenyewe, usikubali muhtasari. Daraja 4 au 3.5 ni sawa. R au RA maana yake limegongwa likatengenezwa. Kilomita zilizoandikwa pale zilingane na dashibodi.

Magari yote matano yanataka petroli ya hali ya juu, ile ambayo kwa viwango vya Japan ni oktani (kipimo cha petroli kuzuia injini isigonge) 96 kwenda juu. Jaza kwenye kituo chenye mauzo makubwa, usibebeshe injini gia kubwa kwenye mlima, na ukisikia inagonga, ondoa mguu. Kijana wa kuchezea kompyuta ya injini atakayekuahidi farasi 40 za ziada, mkatalie. Pesa hiyo inunue tairi nne mpya, za aina moja, kabla gari halijatoka Dar es Salaam kuja huku.