Kutulia na pumzi au kujipa pole?

Msimu wa korosho hapa Mtwara huanza Oktoba, na ndipo vichwa hujaa: mnada, malipo, ada za watoto. Kwa wasiwasi wa namna hiyo, kutulia na pumzi kunafaa sana. Kaa barazani dakika 5, fuata hewa ikiingia na kutoka. Mawazo yakikuchukua, rudi taratibu bila kujigombeza. Mazoezi ya aina hii mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaingiza hospitalini Marekani mwaka 1979. Hata ndani ya daladala ya Mikindani yanawezekana.

Kujipa pole ni kazi nyingine. Mwaka juzi nilianua korosho kabla hazijakauka vizuri, zikashushwa daraja. Usiku ule nilikaa na pumzi yangu, lakini kadiri nilivyotulia ndivyo nilivyozidi kusikia sauti ikinitukana: mzembe, huna akili. Utulivu ulinionyesha jeraha, haukulifunga. Kilichonisaidia ni kuweka mkono kifuani na kujiambia ambayo ningemwambia shoga yangu: “Pole mwaya. Umechoka. Si wewe wa kwanza.” Mwanasaikolojia Kristin Neff hutaja mambo 3: upole kwa nafsi, kukumbuka kwamba binadamu wote hukosea, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza. Kwa hiyo utulivu umo humo humo.

Kwa anayejilaumu, basi, naona pole itangulie. Wapo wanaoiita kujidekeza, mimi sikubali. Asubuhi yake nilitandika turubai, nikaanika upya zilizobaki, na safari hii nilizigeuza mpaka jua likazama.