Microsoft Project na ugawaji wa wafanyakazi katika miradi mingi
Kwa msimamizi mwenye miradi kadhaa inayotegemea wafanyakazi walewale, ubora mkubwa wa Microsoft Project, programu ya kupanga na kufuatilia miradi, ni faili moja la pamoja lenye majina ya wafanyakazi wote, ambalo kila mradi huunganishwa nalo, hivi kwamba mtu aliyepangiwa asilimia 60 ya muda wake huku na 70 kule kwa wakati uleule huonekana kwa rangi nyekundu, ishara kwamba amezidiwa. Amri ya kusawazisha kazi, inayoondoa mzigo huo uliozidi, inahitaji tahadhari: huahirisha kazi au kuikata vipande, lakini haimtafuti mtu mwingine wa kuifanya, na pengine ni afadhali, kwani programu haijui nani anaelewana na nani. Kuizoea programu hii huchukua muda. Timu ya watu watano inatoshwa na jedwali la Excel.