TAHADHARI: Winchi ya "tani 2" na yule jamaa wa kuvutisha pikapu

Jamani, nimekaa na jambo hili wiki tatu nzima kwa kuogopa kuchekwa. Leo nimeamua, chekeni tu. Bora nichekwe kuliko mwenzangu apoteze mguu.

Nina kazi ya kupandisha magogo kutoka bondeni mpaka njiani, na trekta liligoma kushuka huko. Nikawa natafuta winchi, yaani mashine ya kuvuta mzigo kwa waya unaojizungusha kwenye dramu, ndogo ya petroli, ya kubebwa na watu wawili, niifunge kwenye mti kule juu ivute gogo mpaka njiani. Ndipo nikaangukia kwa huyu jamaa. Mashine nyekundu inang'aa, dramu ya waya, na ubavuni kibandiko kikubwa: TANI 2, MITA 12 KWA DAKIKA.

Msinione bwege. Sikutuma hela kwa kutazama picha. Nilimwambia silipi hata senti mpaka niione ikivuta kwa macho yangu. Akasema njoo hata kesho. Hapo ndipo aliponimaliza, maana nilijiambia, tapeli gani anayekubali kujaribiwa? Halafu kwenye simu alinihoji kama mtu wa kazi hasa: gogo lina unene gani, mti mbichi au mkavu, mteremko ukoje, kapi (lile gurudumu la kupitishia waya) ninalo? Wauzaji wengine wote walikuwa wananiuliza nalipa lini. Huyu kaniuliza habari ya kapi! Nikasema nimempata mjuzi.

Nikafika. Uwanja wa saruji, umefagiliwa, winchi imefungwa kwenye nguzo, pikapu imeegeshwa upande wa pili. Waya umekwisha kunyooshwa karibu wote. "Mzee wangu," akaniambia, "hii gari na mzigo wake ni tani 2 na ushee. Shika ndoano uifunge wewe mwenyewe, usije ukasema nimekufanyia kiini macho." Nikainama, nikaifunga kwa mikono yangu, nikaivuta kuona kama imeshika. Hilo la kunipa ndoano ndilo lililonilainisha kabisa. Akavuta kamba ya kuwashia mara moja tu, injini ikaitika. Waya ukakaza. Pikapu ikaanza kuja, taratibu, bila kutetemeka, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Vijana wake wawili wakashangilia, mmoja anarekodi kwa simu. Na mimi nikapiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi kama mtoto aliyeletwa kwenye mazingaombwe.

Gari lina matairi!

Mimi huyu nimesukuma magari mabovu sijui mara ngapi maishani. Najua kabisa gari likiwa frii kwenye sakafu tambarare watu wawili wanalipeleka huku wanapiga soga. Fundi baadaye alinipigia hesabu: gari la tani 2 juu ya saruji iliyo sawa linahitaji nguvu ya kama kilo 30 tu ili liendelee kutembea. Kilo 30! Gogo halina tairi. Gogo bichi la mita 4, unene wa sentimita 50, laweza kufika kilo 800, na linaburuzwa kwenye udongo, pua inachimba, mizizi inalidaka, na mlima nao unadai chake. Yote hayo niliyajua siku zote. Siku ile yalikuwa wapi, sijui.

Nililipa papo hapo, zote. Hata kuomba nipunguziwe sikuomba. Mke wangu hilo bado hajanisamehe.

Kazini tukaanza na gogo dogo kuliko yote. Likasogea hatua kama tatu, pua ikaingia ardhini, injini ikanguruma, ikazimika. Sasa, winchi ya kuvuta mlimani yenye breki, injini ikizimika mzigo unabaki pale pale. Hii haina. Dramu ikaanza kuzunguka kinyumenyume, waya unamwagika, na gogo linarudi chini. Mdogo wangu alikuwa ameshuka na mtaimbo kwenda kuinua pua. (Najua, hakutakiwa kukaa chini ya mzigo. Mama ameshanisema vya kutosha.) Aliruka pembeni, gogo likapita pale pale ilipokuwa miguu yake. Mtaimbo hatujauona mpaka leo.

Kufungua giaboksi, gia mbili zimeng'oka meno yote. Fundi alipokuwa anafuta, petroli ikalowesha kile kibandiko, kikabanduka kona. Chini yake kuna kibati cha kiwandani, maandishi yamegongwa kwenye chuma: kilo 450. Kumbe kiwanda kilisema kweli. Mwongo ni yeye, na gundi yake.

Nikampigia. "Umeizidishia mzigo, mzee wangu." Nikamwambia tani 2 umeandika wewe. Mnajua alijibu nini? "Hizo ni tani 2 za kuviringika." Za kuviringika! Akakata, na tangu hapo simu yangu haipokelewi.

Polisi nimekwenda, nimeandikisha, karatasi ninayo. Lakini mimi jela naiona ndogo. Mtu kama huyu ashushwe kule bondeni, magogo yote ayapandishe begani, moja baada ya jingine, mita 12 kwa dakika kama alivyoandika, na mdogo wangu akae juu na saa mkononi. Akichoka apigiwe kelele tani 2, tani 2! Atarudisha hela za watu huyo, na akimaliza kurudisha apewe kibandiko chake akitafune. Aibu hana, woga hana, na kinachoniuma zaidi ni lile swali la kapi.

Mtaniuliza ningegunduaje mapema. Mengi, na yote yalikuwa wazi. Waya ulikuwa wa milimita 4. Waya wa chuma wa unene huo, hata ukiwa mpya, unakatika kwenye karibu tani 1, sasa hizo tani 2 ungezivutaje? Rula ya mtoto ingeniokoa. Injini nayo imeandikwa kilowati 1.5, wakati kuvuta tani 2 kwa mita 12 kwa dakika kunataka karibu kilowati 4. Na ule waya ulionyooshwa kabla sijafika: dramu inakuwa na nguvu zaidi waya ukiwa tabaka la kwanza, kila unapojilimbika juu yake nguvu inapungua, kwa hiyo hata lile jaribio la uongo alilifanya mahali panapompendelea. Mwuzaji mkweli atakwambia namba yake ni ya tabaka lipi. Basi mkienda kujaribu, hendibreki ivutwe, au bora gogo lenyewe, na mlimani, halafu mwambieni azime injini mzigo ukiwa katikati muone kama unakaa. Nanyi msisimame karibu na waya. Kibandiko kikwangueni kwa ukucha.

Kapi ninalo, ndiyo, la kuvuta kwa waya uliokunjwa mara mbili. Kwa winchi ya kilo 450 lingenisaidia kufika karibu kilo 900 kwa mwendo wa nusu, endapo ningejua kuwa ni ya kilo 450.

Jana usiku mdogo wangu kaniletea simu. Tangazo jipya, jina jingine, mashine imepakwa rangi ya kijani na kibandiko kimepanda cheo: TANI 3. Video ni ile ile ya uwanja wa saruji. Pikapu inakuja taratibu, vijana wanashangilia, na chini ameandika "mteja wetu akifurahia." Huyo mwenye kofia anayepiga makofi ni mimi.