Waya wa resi wa Yamaha AG100: wa shilingi 6,000 na wa shilingi 38,000

Pikipiki ni ya mzee wangu. Aliipata alipokuwa bwana shamba huku Turiani, na hadi leo hataki kusikia habari ya kuiuza. Wanaoijua AG100 wanaijua: ina kariya ya chuma mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa, na injini ya tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) isiyochoka.

Ugonjwa ulianza taratibu. Nikiachia resi, mlio unachelewa kushuka. Nikikata kona ya kushoto, unapanda wenyewe. Siku moja natelemka kutoka Mhonda, resi ikagoma kurudi kabisa, ikabidi nizime kwa ufunguo huku nimeshika breki zote. Nilipofungua kwenye mkono wa resi nikakuta nyuzi nne za waya zimekatika karibu na ile risasi ya mwisho, yaani kitufe cha chuma kinachoshika ncha ya waya, na ncha za nyuzi hizo zinakwaruza ndani ya ganda, ile bomba ya nje waya unamopita. Ukiukuta hivyo usipake grisi ukaendelea na safari. Tupa.

Duka la kwanza lilinipa waya "unaoingia pikipiki yoyote" kwa 6,000. Ulikuwa na ncha mbili tu, ya mkononi na ya kabureta. Tatizo ni kwamba AG100 inatumia Autolube, mfumo ambao Yamaha walianza nao mwaka 1964: oili inakaa kwenye tenki lake, na pampu inaisukuma kwenye injini kwa kufuata resi. Kwa hiyo waya ukitoka mkononi unagawanyika matawi mawili, moja linavuta kabureta, jingine linavuta pampu. Fundi akashauri tuiache pampu, tuwe tunachanganya oili na petroli. Wengi wanafanya hivyo na wanatembea vizuri. Mimi nilikataa. Mzee ana miaka 71, na siku atakayosahau kuchanganya, injini inanoki.

Nilitumia waya ule wiki mbili, nikichanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Ganda lilikuwa refu mno, likajikunja chini ya tenki, na resi ikawa nzito mpaka kiganja kinauma.

Wa pili niliagiza Kariakoo. Nilitandika ule wa zamani sakafuni kando ya futi kamba, nikatuma picha. Ulikuja na basi: 38,000, na nauli ya mzigo 5,000. Huu una matawi yote mawili, ndani ya ganda kuna plastiki nyororo, na kila tawi lina skrubu yake ya kurekebisha na nati ya kubana. Kuufunga kulichukua asubuhi nzima, na muda mwingi ulikwenda kwenye kabureta. Ile pistoni yake ndogo ina mfereji unaotakiwa ukae sawa na kipini kilicho ndani. Ukiilazimisha kuingia, inakwama juu na pikipiki inawaka ikipiga kelele. Baada ya hapo nikaacha mchezo, yaani ulegevu, wa kama milimita 3 kwenye mkono wa resi, ndipo nikahamia kwenye pampu: alama ya gurudumu lake ikutane na kipini ulegevu wa waya ukishaondoka. Mwisho nikaiwasha ikiwa silensa, yaani ikinguruma taratibu bila kuvuta resi, nikageuza usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Mlio haukubadilika hata kidogo. Nilifurahi sana.

Sasa ni miezi saba. Resi inarudi yenyewe hata njia ikiwa ya matope. Kasoro niliyoiona ni kifuniko cha mpira cha juu, kilipasuka mwezi wa tatu na maji yakaanza kuingia. Nimerudishia kile cha zamani, kinashika vizuri.

Ukiagiza kwa picha, pima urefu wa ganda na pia kipande cha waya kinachotokeza nje ya ganda, kila tawi peke yake. Mimi nilipima ganda tu, muuzaji akanipigia kuniuliza hicho cha pili, na kama asingeuliza ningetumiwa usioingia.