Makumbusho ya familia Nebraska: nyota moja, na hiyo moja ni ya bibi

Nianze na mfuko, maana mfuko ndio ulionitibua nyongo. Ni mfuko wa sokoni wa kawaida, ndani mna sweta, chupa ya maji na dawa za presha. Tunatoka, baba mdogo ameshafika mlangoni, yule bwana mwenye makumbusho anamsimamisha: afungue mfuko, aone kilichomo. Waliotutangulia walikuwa familia nzima na begi la mgongoni ambalo cherehani ingeingia na nafasi ikabaki. Wao wameagwa kwa vicheko na kutakiwa safari njema. Mzee wa miaka sabini na kitu, ndani ya koti lake la kanisani, akafungua mfuko bila neno, akatoa dawa moja moja akazipanga kaunta.

Jina la mahali sitaji. Mji wenyewe mdogo, kila mtu ndugu ya mwenzake, na yupo bibi mmoja pale ndani ambaye sitaki apate taabu kwa ajili ya mwanawe. Itoshe kujua ni Nebraska, magharibi ya Lincoln, ukiifuata barabara kuu namba 80 hadi mahindi yakuchoshe macho. Babu wa ukoo alikuwa mtu wa kukusanya, hakutupa kitu. Waliobaki wamerithi maghala yake wakayafungua kwa wageni. Baba mdogo alikuja kutoka Musoma kwa mahafali ya mdogo wangu, akasema maghorofa ameyaona ya kutosha, sasa anataka kuona hawa watu waliishije kabla hawajatajirika. Nikaona hapa ndipo penyewe.

Mlangoni kuna kibao kikubwa: gusa, zungusha, jaribu. Ghala la kwanza ni la zana za shamba. Kuna jembe la chuma la aina aliyoianzisha John Deere kule Illinois mwaka 1837, lile linaloteleza kwenye udongo mzito badala ya kunasa. Kuna ubao mzima wa vipande vya seng'enge, kila kipande na miiba yake, tangu ile ya Joseph Glidden ya 1874. Watoto walikuwa wanazungusha mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi, punje zinaruka mpaka zinaingia kwenye viatu vya watu, mama zao wanapiga picha. Hakuna aliyekemewa. Hilo likae akilini.

Ghala la pili ni vyombo vya nyumbani, na humo ndimo tulimokutana na meza ya taa. Chemli za kila umbo, taa za mezani zenye vioo vya maua, na mwisho kabisa, karabai. Imesimama peke yake, tangi limeshika kutu kidogo, kioo kizima. Pembeni kuna kadi: taa ya utambi, miaka ya 1880.

Sasa lazima mjue baba mdogo ni nani. Amevua dagaa Ziwa Victoria tangu ujana wake, na dagaa si wa kuvua mchana. Unangoja usiku usio na mwezi, unaelekeza karabai juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, ndipo wavu unafanya kazi. Ada zetu za shule zilitoka kwenye karabai. Leo vijana wana taa za sola, lakini yeye bado anaweza kuifungua karabai gizani, mtumbwi unayumba, akazibua tundu kwa sindano na kuirudishia bila kupoteza nati hata moja.

Akaiinua. Akaitikisa kidogo karibu na sikio kusikiliza kama mna mafuta. Akashika kishikio cha pampu, akavuta, akasukuma kwa kidole gumba, kikaingia chote bila kupinga.

"Ngozi ya pampu imekauka," akaniambia. "Tone la mafuta tu, ilale nayo usiku mmoja, itashika upepo. Ila hii kadi wamekosea, mwanangu. Hii haina utambi."

Na haina kweli. Ukipiga pampu, hewa inalisukuma fueli lipande, joto linaligeuza mvuke, na mvuke unawakia ndani ya kile kifuko cheupe cha kitambaa ambacho kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu matupu, na majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Kifuko hicho kilibuniwa na Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1885, kwa ajili ya taa za gesi. Taa za kubeba mkononi za Coleman, kampuni iliyokuwa na makao yake Wichita, Kansas, jirani zao kabisa hapo kusini, zilianza kuuzwa mwaka 1914. Kwa hiyo kadi imekosea aina, na umri imekosea kwa miaka thelathini hivi. Na hii ndiyo kazi yao! Kazi ya makumbusho ni nini tena, kama si kujua hiki ni nini na ni cha lini?

Yule bwana akatokea nyuma ya mashine za kufulia. Mtu wa makamo, ovaroli safi mno kwa mtu wa shamba. Hakusalimia. Akaitwaa taa mikononi mwa mzee kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka mezani, akaigeuza geuza hadi ikakaa ilivyokuwa. Akasema si ya kuchezea. Nikamwuliza kuhusu kibao cha mlangoni. Akasema kibao ni cha ghala lile, si hili. Sawa. Nikamweleza kwamba mzee anazifahamu taa hizi, anasema kadi ina kosa na pampu inatengenezeka.

Baba mdogo amesimama pale, mikono ameikutanisha mbele, na adabu zake zote za Kimusoma: "Mwambie anisamehe kuishika bila kuomba. Ila ngozi ile asiiache hivyo, itapasuka."

Nikatafsiri. Bwana akanisikiliza mimi. Mzee hakumtupia jicho. Kisha akanijibu taratibu na kwa sauti ya juu, kana kwamba Kiingereza ndicho kilichonishinda: kadi iliandikwa na babu yake, na vitu hivi ni vya watu walioijenga nchi hii.

Walioijenga nchi hii! Mpaka hapo mambo mengine nilikuwa nimeyapita kimya, lakini kauli ile ilinirudisha ukutani kusoma upya. Ukuta mzima umepewa sheria ya ardhi ya 1862, ile aliyoitia sahihi Rais Lincoln: ekari 160 kwa ada ndogo tu, mradi uishi hapo na ulime miaka 5. Vizuri. Ardhi ilikuwa ya nani? Wapawnee, ambao katika miaka ya 1870 waliondoka kwenda huko ambako leo ni Oklahoma, wamewekewa kisanduku kimoja cha vigumba vya mishale, kadi inasema vimeokotwa shambani. Basi. Na DeWitty, makazi ya wakulima weusi, je? Walikuja Nebraska hii hii, kaunti ya Cherry, baada ya sheria ya 1904 iliyotoa ekari 640 kwenye vilima vya mchanga ambako ekari 160 hazimlishi mtu. Walijenga nyumba, shule, kanisa. Hakuna picha yao, hakuna hata mstari mmoja. Halafu unamwambia mzee mweusi mbele ya taa asiguse vya watu walioijenga nchi.

Kuanzia hapo alitufuata. Tukisimama anasimama, tukisogea anakumbuka kitu cha kupangusa karibu nasi. Baba mdogo alijifanya haoni. Mimi siwezi kujifanya.

Lakini nisiseme uongo, upande wa nyuma pananoga. Nje wamejenga nyumba ya udongo wa mbuga. Huko miti ya kujengea ilikuwa adimu, kwa hiyo walowezi walikata ardhi yenyewe, nyasi pamoja na mizizi yake, vipande virefu, wakavipanga kama matofali, upande wa nyasi ukitazama chini. Ukuta una unene wa zaidi ya nusu mita na ndani pana ubaridi wa mtungi, ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Chini ya paa wametandika kitambaa. Baba mdogo akaugonga ukuta, akauliza: na mchwa?

Aliyejibu ni bibi. Alikuwa amekaa mlangoni, mama yake yule bwana, fimbo mapajani. Akasema tatizo lilikuwa nyoka na matope, kitambaa kile ni cha kuzuia visikuangukie kwenye sahani. Wakacheka wote wawili. Akamwachia mzee kiti chake akahamia kwenye benchi, na jaribu lolote la kukataa halikufua dafu.

Halafu akatupeleka kwenye simu, na hapo nakiri nilisahau hasira. Ni simu za ukutani za sanduku la mbao, zenye mkono wa kuzungusha. Hataza za Bell, yaani haki zake za kuwazuia wengine kutengeneza simu, zilipokwisha mwaka 1893 na 1894, wakulima hawakungoja kampuni za mjini ziwafikie. Walianzisha laini zao, na wengine walitumia waya ule ule wa seng'enge wa mashambani kusafirisha sauti. Laini moja, nyumba nyingi. Kila nyumba ina mlio wake, mrefu mmoja na mifupi miwili, au vyovyote walivyokubaliana, na mlio ukilia kwa jirani, nawe unanyanyua usikilize umbea. Mvua ikinyesha, waya ukilowa, mawasiliano yanakufa. Bibi ameunganisha mbili, moja jikoni na moja kibandani, waya umepita juu ya ua. Nikapelekwa kibandani. Kengele ikalia, nikanyanyua.

"Halo, Musoma? Dagaa wamepanda bei?"

Nilicheka mpaka machozi. Bibi naye nilimsikia anacheka huko jikoni bila kuelewa neno. Tuliporudi wamekaa wanaelezana taa kwa ishara za mikono. Bibi anasema yeye mwenyewe alipokuwa msichana umeme ulikuwa haujafika kwao. Si ajabu, mwaka 1935, serikali ya Roosevelt ilipoanza kazi ya kupeleka umeme vijijini, takriban shamba moja tu kati ya kumi ndilo lilikuwa nao. Zizini walikuwa wanakamulia kwa taa ya pampu. Baba yake aliipaka ngozi mafuta kila majira ya baridi. Nikamweleza habari ya kadi. Akapunga mkono: baba mkwe wake alikuwa mkusanyaji, hakuwa msomaji.

Wakati ule ningeulizwa ningetoa nyota nne. Ningesema peleka wazazi, peleka watoto, kaa na bibi saa nzima. Hata yule bwana nilianza kumtafutia visingizio: labda ameibiwa mara nyingi, labda amechoka, kuendesha mahali kama pale bila ruzuku si lelemama.

Kisha mfuko.

Nilimwuliza kwa nini sisi tu. Akasema ni utaratibu. Nikamwuliza utaratibu huo waliotangulia haukuwahusu? Akasema hakuwaona. Hakuwaona! Amewafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Baba mdogo akanivuta kiwiko, akarudisha dawa mfukoni, akamshukuru kwa Kiingereza alichokuwa amejifunza kwenye ndege.

Garini tukagombana. Yeye anasema siku ilikuwa nzuri, na kwenye kundi la ukoo ameshatuma picha za simu na za bibi, ameandika "makumbusho safi sana". Anasema mimi nina hasira za vijana. Mimi nasema mtu akikupekua mbele za watu, si siku nzuri. Hatujaelewana mpaka leo.

Niliandika nyota mbili, nikapandisha tatu kwa ajili ya bibi, nikafuta. Moja. Baadaye niliwatumia barua pepe, nikaeleza taa, kadi na mfuko, kila kitu kwa utulivu. Wakajibu haraka, hilo niwape. Taa hawakuigusia, kadi hawakuigusia. Walisikitika kwamba ziara haikukidhi matarajio, na kama ishara ya nia njema wakaambatisha punguzo la nusu ya kiingilio kwa mzee, atakapopita tena. Mzee yuko Musoma. Apite tena wapi?