Kutembeza mbwa wa makao huko Nyali: yanayofaa na yanayohitaji kurekebishwa

Makao haya ya mbwa waliookolewa, upande wa Nyali, Mombasa, hupokea watu wa kujitolea kila Jumamosi na Jumapili asubuhi. Kazi yenyewe wahudumu wanaifanya vizuri kuliko wanavyoieleza. Mgeni hupewa maelezo ya dakika tano, kisha anakabidhiwa mbwa. Hayatoshi hata kidogo, kwa hivyo haya yafahamike kabla ya kufika.

Kola kwanza, maana hapo ndipo mbwa hupotelea. Mbwa koko wengi wa Pwani wana kichwa chembamba. Akishtuliwa na bodaboda hurudi kinyumenyume, huinamisha kichwa, na kola ya kawaida inamchomoka. Makao yanatumia kola ya kujikaza yenye pete mbili, aina ile ile wanayovishwa greyhound, mbwa wembamba wa mashindano, waliostaafu mbio huko Uingereza, ambao nao kichwa chao hakizidi shingo kwa upana. Uamuzi mzuri sana huo. Ikae juu ya shingo, nyuma tu ya masikio. Ukiivuta mpaka mwisho, zile pete mbili zikaribiane lakini zisigusane. Zikigusana, kola ni kubwa na mbwa ataivua. Mbwa waoga huongezewa mkanda wa kifua, kamba ikafungwa kwenye kola na kwenye mkanda.

Kagua kulabu ya kamba. Chumvi ya bahari hula springi ya ndani, ulimi wake ukabaki wazi nusu bila mtu kuona. Ibonyeze na uiachie mara mbili tatu: isiporudi yenyewe, omba kamba nyingine. Baadhi ya kamba za hapa zimeshafika hali hiyo na bado zinatumika, jambo ambalo halikubaliki. Pitisha kitanzi kwenye kidole gumba, ukunje iliyobaki kiganjani. Usiizungushe mkononi, mbwa wa kilo 25 akikurupuka huweza kuvunja vidole.

Kundi la kwanza hutoka saa kumi na mbili na nusu, na hilo ndilo la kujiandikisha. La pili hutoka saa mbili na nusu, na wakati wa kaskazi, msimu wa joto kali, ni kumtesa mnyama. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde 7. Usipovumilia wewe, naye asipite. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ya Mombasa yenye unyevu huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Mate yakiwa mazito, fizi zikaiva wekundu, akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39; likifika 41 anaweza kufa.

Njia ya ufukweni ni bora maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa mchanga huwa mgumu na kuna nafasi ya kumpisha ngamia, ambaye huwatia mbwa wazimu. Tazama mbele ya pua ya mbwa kila wakati. Samaki bunju aliyetupwa na mawimbi ana sumu kali hata akiwa amekauka, na mbwa akimtafuna huweza kufa kabla hujarudi barabarani. Beba maji yake mwenyewe, lita moja na bakuli, maana akinywa ya bahari atatapika na kuhara.

Kuhusu watu wa mtaani, makao yanastahili sifa. Njia yao haipiti mbele ya msikiti. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hivyo mbwa akimgusa mtu kanzu kwa mdomo amemharibia asubuhi nzima. Mpitishe mbwa upande wako ulio mbali na watu, kamba fupi, na mtoto akiuliza "Anauma?" simama umjibu, usimsogezee mbwa.

Omba kuona cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa; wanacho na hawakasiriki kuulizwa. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, cheti kiwepo kisiwepo. Mkirudi, mkague mbwa kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mshike kupe karibu na ngozi kwa kibano, umvute taratibu bila kumsokota.

Kasoro kubwa iko kwenye mgawanyo. Wageni huchagua mbwa wenyewe, basi wale wachangamfu hutembezwa mara mbili asubuhi moja na waoga hubaki bandani wiki nzima. Kadi kwenye kila mlango, yenye tarehe ya matembezi ya mwisho na kinachomshtua mbwa huyo, ingemaliza tatizo hilo kwa gharama ya karatasi na kalamu. Mpaka waiweke, muulize mhudumu ni nani hajatoka, umchukue huyo.